Kijana wa Likoni anahitaji mlezi wa kazini, na mlezi anahitaji muda

Kijana akishamaliza kidato cha nne Likoni au Kisauni, hapa Mombasa, mara nyingi hukwama kwa mambo ambayo mwenye kazi huyaona ya kawaida. Anapeleka bahasha ya kaki kwenye geti la kampuni Shimanzi, bawabu anaipokea, na huenda isifike ndani kamwe. Hajui nani huajiri, msimu gani, wala ataulizwa nini. Ndiyo maana naunga mkono wafanyakazi wanaojitolea kuwalea vijana hawa: mtu mmoja kwa kijana mmoja, wakionana mara kwa mara, tangu muhula wa mwisho shuleni hadi miezi ya kwanza kazini.

Faida yake iko katika mambo madogo. Mlezi anayevuka feri kila siku atamwambia kwamba zamu ikianza saa moja asubuhi, awe kivukoni kufikia saa kumi na moja na nusu. Na akiona atachelewa, ampigie supavaiza kabla zamu haijaanza, asingoje kuulizwa. Vijana wazuri, wenye vyeti vyao, hupoteza kazi kwa kutojua hilo tu.

Wanaopinga nao wana hoja. Mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Basi wanauliza: kama pesa za mafunzo zipo kisheria, kwa nini mzigo umwangukie karani, tena bila malipo? Wanahofia kampuni itapiga picha na vijana, izitie kwenye ripoti ya mwaka, kisha isiajiri hata mmoja. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ushuru huo hugharimia ufundi. Haumpi kijana mtu wa kumpigia simu usiku wa kuamkia intavyuu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kujuana. Mfanyakazi akiachiwa achague mwenyewe, atamchukua mpwa wake au mtoto wa jirani, na yule asiye na mtu ndani atabaki nje vilevile. Majina yatoke kwa walimu na vyuo vya ufundi, mwajiri apange nani akutane na nani.

Halafu kuna ushauri uliopitwa na wakati. Kazi za bandari hazikai mahali pamoja. Reli ya SGR, ya Mombasa hadi Nairobi, ilizinduliwa 2017, na baadaye makasha ya mizigo yakawa yanapelekwa bara kwa reli na kukamilishiwa forodha huko. Mawakala wa forodha na wenye malori hapa wakalia kwamba riziki imehama. Septemba 2022 Rais Ruto akaagiza shughuli hiyo irudi Mombasa. Mtu aliyeajiriwa miaka 20 iliyopita anaweza kumtuma kijana kwenye mlango uliofungwa zamani. Kwa hiyo meneja aje atoe hotuba yake, sawa, lakini ulezi wenyewe apewe karani au fundi aliyeingia juzijuzi, ambaye bado anakumbuka alivyoulizwa.

Na apewe muda ndani ya saa za kazi. Kumwambia mtu wa zamu atoe Jumamosi yake ni kumfanya aje mara mbili kisha apotee, na kijana aliyeachwa hivyo huvunjika moyo kuliko asiyepata mlezi kabisa. Kampuni isiyotaka kutoa hata saa mbili kwa mwezi iseme mapema, walimu wasiwapangie vijana huko.