Cologne ya nini, wakati mji wenyewe ni Köln?

Lisome neno Munich kwa sauti, usome Kiswahili kama kilivyo. Utapata "Munichi", na ch ni ileile ya chai na chapati. Mwingereza husema "Miunik". Mwenye mji anaandika München, na ch yake ni laini, karibu na sh. Maana yake ni kwamba tahajia ya Kiingereza haimfikishi Mswahili kwenye matamshi ya Kijerumani, na haimfikishi hata kwenye ya Kiingereza. Cologne imezidi: ina g ambayo hakuna anayeitamka, kwa sababu Waingereza nao walilitoa jina hilo kwa Wafaransa.

Katika Kiswahili, miji ya Ujerumani iandikwe kama wenyewe wanavyoiandika: Köln, München, Nürnberg, Hannover, Braunschweig. Ukiandika Kiingereza, hapo Cologne, Munich, Nuremberg, Hanover yenye n moja katikati na Brunswick ni majina halali, na anayekusahihisha anajitia ujuzi tu. Munich yenyewe haikubuniwa London. Hati ya mwaka 1158 inapataja mahali hapo kama Munichen. Wajerumani nao wanaandika Sansibar na Kilimandscharo bila kumwomba mtu ruhusa. Kila lugha ina haki hiyo, na sisi tuna Misri na Ugiriki. Tungekuwa na jina letu wenyewe la Köln, nisingekuwa na neno. Tunachofanya ni kuazima nguo ambayo jirani aliishona kwa vipimo vyake.

Tena Köln si ngeni masikioni. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza mwaka 1963, na makao ya redio hiyo yalikuwa Köln hadi ilipohamia Bonn mwaka 2003.

Kurasa za michezo ndizo zinazochekesha zaidi. Bayern Munich ni nusu Kijerumani, nusu Kiingereza: kama ni Kiingereza, jimbo lile linaitwa Bavaria; kama ni Kijerumani, mji ni München. Klabu inajiita FC Bayern München. Ile ya Köln ni 1. FC Köln, na hiyo 1 na nukta yake ni sehemu ya jina.

Kosa linauma zaidi kwenye safari na barua. Stesheni kuu ina ubao wa Köln Hbf (Hbf ni kifupi cha "stesheni kuu" kwa Kijerumani), na baadhi ya treni za kasi hazifiki hapo. Zinasimama Köln Messe/Deutz, ng'ambo ya mto Rhine. Kwenye tiketi soma jina zima, usiishie kwenye mji. Frankfurt haina jina la Kiingereza la kukuchanganya, lakini ziko mbili: Frankfurt am Main yenye mabenki na uwanja mkubwa wa ndege, na Frankfurt (Oder) iliyo mpakani na Poland. Na ukiwa Italia ukakuta tiketi ya Monaco di Baviera, ujue ni München hiyohiyo.

Anwani ina mpangilio wake. Mtaa hutangulia, kisha namba ya nyumba. Mstari unaofuata ni namba ya posta yenye tarakimu 5, halafu mji: 50667 Köln. Nchi hukaa chini kabisa, kwa lugha inayosomwa na posta ya unakotumia. Karani wa Dar es Salaam anahitaji kuona Germany tu. Hayo ya Köln atayasoma mtu wa Köln.

Nukta mbili juu ya herufi nazo si pambo. Schon ni "tayari", schön ni "nzuri". Kwenye simu, bonyeza o na kuishikilia mpaka ö itokee. Kwenye kompyuta ya Windows, washa Num Lock, shikilia Alt, kisha piga kwa tarakimu za upande wa kulia: 0246 kwa ö, 0252 kwa ü, 0228 kwa ä. Mfumo ukizikataa, ongeza e: Koeln, Muenchen, Nuernberg. Wajerumani wenyewe hufanya hivyo, kwa kuwa nukta hizo zilianza kama e ndogo iliyoandikwa juu ya herufi. Koln na Munchen ni makosa kwa vyovyote.

Majina ya matukio ya historia ningeyaacha yalivyo. Kesi za Nuremberg na Mkataba wa Munich wa 1938 vimeshazoeleka hivyo, na msomaji atavitafuta kwa majina hayo. Mji wa leo, hata katika habari hiyohiyo, uwe Nürnberg.

Mhariri atakayetaka kusafisha maandishi ya zamani asiiamrishe kompyuta igeuze kila oe kuwa ö. Iko miji inayoitwa Soest na Coesfeld, na e yake ni ya kuzaliwa nayo: inarefusha o tu.