Ankara inafika, onyo halifiki

Juzi simu imelia, ujumbe kutoka shirika la majitaka la hapa Milwaukee: mvua kubwa inakuja, ahirisheni kufua, ogeni haraka, mashine ya vyombo isubiri. Mtu nimetoka zamu, nguo za kazi za kesho zimejaa kwenye kapu, halafu shirika linanipangia siku ya kufua! Nilikereka.

Hasira zilipopoa ukaja wivu. Sehemu kongwe za mji huu, maji ya mvua na majitaka yanapita bomba moja. Mvua ikizidi, hata handaki refu walilochimba chini ya mji linajaa, na uchafu unaishia Ziwa Michigan. Hawafichi. Wanakuomba mapema upunguze maji, na ikimwagika wanatangaza vilevile.

Sasa nyie wa Moshi nisaidieni. Masika, chemba ikifumuka Majengo au Pasua, nani anakujulisha? Pua yako. Mama wa chapati anahamisha meza, watoto wanarukaruka juu ya matofali kwenda shule, na kuna jirani ndiyo kwanza anatapisha choo, mvua imempa mwanya. Maafisa uhusiano wetu wa mamlaka ya maji utawaona Wiki ya Maji, fulana mpya, kofia mpya, wanamkimbilia mgeni rasmi.

Najua mtakachosema. "Kafika Marekani juzi, leo anatufundisha mavi." Haya, tukaneni. Sijasema hawa wana akili kutuzidi. Wao wanauza mbolea ya tope la majitaka, Milorganite, tangu 1926, kwenye mifuko ya kupendeza. Kwetu Mabogini, jirani na mji wa Moshi, maji ya mabwawa ya majitaka yanaingia kwenye mpunga, na hakuna aliyeyapigia debe. Niliwasimulia wenzangu kazini wakabaki midomo wazi. Nilijivuna, kwa nini nisijivune?

Na msiniletee habari ya hela. Handaki ni hela, hapo sibishi. Ujumbe je? Ankara ya maji ya shangazi yangu huko Moshi inaingia kwenye simu na namba ya kulipia kabisa, Krismasi haijui, Pasaka haijui. Simu hiyohiyo ya kumdai haiwezi kumwambia "mama, kesho tunafungua chemba ya mtaani kwako, usianike nje"?

Wengine mtasema nasahau siasa, kwamba ukitangaza chemba imefurika umewaaibisha wakubwa. Hapo ndipo ninapochoka. Hapa shirika lina makamishna 11 na vikao vyao ni vya wazi. Kwetu uhusiano na serikali maana yake kupiga simu juu, juu, juu. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye anayegongewa mlango saa kumi na mbili asubuhi, anasikia kwa wananchi kama mimi na wewe. Si serikali huyo? Mtumieni yeye ujumbe kwanza, kabla ya waandishi wa habari. Au na hilo tunangoja mfadhili?