Pilau ya Munyu Kidogo

Sisi Waamu, watu wa Lamu, chumvi twaiita munyu. Nakwambia mapema kwa sababu neno hilo utalisikia sana hapa chini, na mara nyingine litatoka kwa watu wenye kiu.

Mke wangu alikuwa kwa mamake, yuko kwenye arubaini. Mtoto wa kike, alhamdulillahi. Nyumbani tukabaki mimi na mama yangu, na Ramadhani ndiyo imeingia. Kumi la kwanza la mwezi tuliishi kwa kaimati za kununua na ihsani za majirani. Kumi la pili nikampeleka mama kwa daktari, maana kichwa kilikuwa kikimgonga. Daktari akamfunga ule mkanda wa presha mkononi, akaupuliza, akatazama mashine, akamtazama mama, halafu akanitazama mimi kama niliyemtia yeye hiyo presha.

"Munyu," akasema. Akaeleza kwamba mtu mzima, kwa siku nzima, apate chini ya gramu 5, na si yeye asemaye, ni Shirika la Afya Duniani. Ni kama kijiko kimoja cha chai, tena hakijajaa. Na humo mna munyu wote wa siku, pamoja na ule uliojificha kwenye mkate na sambusa.

Mama hakujibu neno mpaka tulipotoka nje. Tukapisha punda wawili waliobeba mchanga, ndipo akasema, "Kijiko cha chai ni cha chai."

Hapo nikajitwika upishi. Nilikuwa nimesikia kwamba munyu ukipunguzwa, mahali pake hujazwa kwa viungo, ndimu na tangawizi, na ulimi hautambui kuna kilichopungua. Nikanunua vile vijiko vya kupimia vilivyofungwa pamoja kama funguo. Mama akavitazama, akavichezesha kidogo vilie, akanirudishia.

Lazima nieleze vile mama apimavyo, kwa sababu nilitumia miaka mingi kujaribu kujifunza nikashindwa. Ana vipimo vitatu. Kuna ncha za vidole, kuna ukufi, ambao ni kiganja kilichojaa, na kuna konzi, ambayo ni ngumi nzima na hutumika siku za harusi. Juu ya hivyo vyote kuna kipimo kikuu, "kiasi chake". Nilimuuliza zamani, "Kiasi gani, mama?" Akasema, "Kiasi chake." Nikauliza, "Chake nani?" Akasema, "Cha chungu." Nikaacha.

Basi Alhamisi usiku mama akatangaza kwamba kesho amemwalika Maalim wetu wa msikitini aje afuturu kwetu, pamoja na majirani wawili. Pilau. Na wakati pilau inapikwa, hapana budi sahani saba zitoke ziende kwa majirani, maana wao ndio waliotulisha kumi la kwanza. Nikasema sawa. Ningesema nini?

Asubuhi nilishuka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wetu, nikaingia kwa muuza viungo. Bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, iliki. Nilipofika kwenye karafuu nikaomba mara tatu ya kile anachonunua mama. Yule bwana akashika kijiko chake hewani. "Una mgonjwa wa jino?" akauliza. Nikacheka, nikalipa. Sikumuelewa kabisa, ndiyo maana nilicheka.

Sasa sikiliza. Mama hutia karafuu nzima, sita au saba kwa kilo ya mchele. Unazikuta kwenye sahani, unazitoa kando kama misumari. Karafuu nzima hutoa mafuta yake polepole, na wewe mwenyewe huitupa kabla haijamaliza. Mimi nilizitwanga kinuni, zote, mpaka zikawa vumbi. Kutwanga tu kulinipigisha chafya kumi na moja. Vumbi lile nikalitia chunguni kwa kijiko kikubwa, kimoja, kisha cha pili, nikijisifu kwamba hapa ndipo munyu unapokwenda kusahauliwa. Nana yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitutia pamba yenye mafuta ya karafuu kwenye jino bovu, na jino lilikuwa likifa ganzi palepale. Jambo hilo nalijua tangu utotoni. Siku ile halikunijia hata kidogo.

Jikoni kwetu ni juu kabisa, chini ya makuti, kama nyumba nyingi za mawe za hapa. Nilikaanga vitunguu vikawa vyeusi vyeusi, nikatia nyama ya mbuzi iliyochemka na tangawizi na kitunguu saumu, nikatia viungo, viazi, supu. Kilo mbili za mchele zilikuwa zimeroweshwa zikingoja. Munyu nikatia vijiko vitatu vya chai, nimevikwangua juu kwa kisu, sawasawa kama fundi wa saruji.

Likaja suala la kuonja. Maalim mwenyewe alishasema darsani kwamba mpishi aliyefunga, ikiwa ana haja, aonje kwa ncha ya ulimi na kutema, funga yake haina neno. Nilimkumbusha mama. Akaniuliza, "Na wewe wajua kutema?"

Kwa hiyo tukamwita mpwa wangu. Ana miaka sita, hufunga mpaka adhuhuri, na baada ya adhuhuri ndiye mwonjaji wa mtaa mzima. Nikampa supu katika kijiko na kipande kidogo cha nyama, ili tujue kama munyu umeingia ndani. Akatafuna akiwa amefumba macho.

"Mjomba, haina munyu."

Kweli, vijiko vitatu kwa kilo mbili ni vichache. Nikatia cha nne. Nikampa tena, na kipande kingine.

"Bado."

Cha tano. Kipande kingine.

"Bado, mjomba."

Cha sita. Wakati huu niliona mtoto anautoa ulimi nje na kuugusa kwa kidole, kama anayeangalia kama bado uko. Nikadhani ni mchezo. Nikatia mchele, nikamwachia jikoni akae afukuze paka, nami nikateremka kuswali alasiri. Nilipotoka msikitini nikapitia barafu, na kwenye barafu nikakuta foleni, na kwenye foleni nikakuta mazungumzo. Nilirudi pilau imeshakauka maji. Nikafunika, nikapalia makaa juu ya kifuniko, nikakaa kitako nikajiona mwanamume kamili.

Nusu saa kabla ya magharibi sahani saba zikatoka, zimefunikwa kawa, watoto wakizibeba kwa mikono miwili.

Adhana ikalia. Tende, maji, kahawa chungu, tukaswali, sinia likaja. Maalim akavuta pumzi. "Harufu hii," akasema, "ilinikuta njiani." Tukapiga bismillahi.

Tonge la kwanza lilikuwa zuri. Wallahi lilikuwa zuri, lina moto wa viungo, linapanda puani. La pili pia. Kufika la nne nikahisi midomo yangu inakwenda mbali, kama ile siku uliyong'olewa jino. Jirani wa kulia akaomba achari, ikatoka "afali". Jirani wa kushoto akamcheka, na kicheko chake nacho kilitoka upande mmoja. Lakini walikula! Ulimi uliokufa ganzi haujui cha kukataa. Walikula kama watu waliofunga siku mbili, nami nikawasogezea nyama, moyo wangu ukiwa mkubwa kama jahazi.

Mama alikuwa ndani, akila uji wake na tende tatu.

Mara Maalim akaomba maji. Nikampa. Akaomba tena. Jagi la kwanza likaisha, la pili likaisha, barafu niliyopangia foleni ikaisha, tukaanza kuchota mtungini. "Yeo kuna joto," akasema Maalim kwa upole. Hapakuwa na joto. Upepo ulikuwa ukipuliza mpaka pazia la mlango limelala juu ya kiti. Alipoondoka nikampa chupa ya maji aende nayo, akaipokea bila ya ule ubishi wa heshima ambao watu hufanya.

Sasa ganzi la karafuu lina muda wake, na likiondoka, linaondoka lote kwa pamoja. Langu liliondoka njiani kuelekea taraweh. Nikalamba mdomo wangu, nikasimama palepale uchochoroni. Ilikuwa kama nimelamba majabali ya pwani wakati bahari imetoka.

Ndani ya msikiti wetu pana bomba la maji pembeni, karibu na mlango, na bilauri moja ya plastiki. Kwa kawaida usiku mzima bilauri ile huguswa mara mbili. Usiku ule, imamu alipotoa salamu ya kwanza, akainuka jirani wa kulia. Nyuma yake akainuka jirani wa kushoto. Kisha wakainuka watu ambao hawakuwa kwangu hata kidogo, ila sahani zilikuwa zimefika kwao: muuza samaki na wanawe watatu, fundi wa kuchonga milango, mzee wa nyumba ya pembeni ambaye huinuka kwa shida lakini usiku ule aliinuka upesi. Foleni ikapanga ukutani. Unaweza kutambua nyumba iliyopata pilau yangu kwa kumtazama anayeshika bilauri. Mtu mmoja wa nyumba ya nane, ambaye sahani haikumfikia, alikaa pake ametulia anashangaa, na ninaamini ndiye pekee aliyepata khushui kamili.

Maalim naye, ambaye ndiye aliyekuwa akituswalisha, kila baada ya salamu, mkono ulikuwa ukienda kando ya mihrabu. Chupa ile naijua. Nilimpa mimi.

Nyumbani nilimkuta mama daka la ndani, na shangazi yangu, dadake marehemu baba, amevuka kutoka kwake. Nyumba yao na yetu zimeunganishwa kwa wikio, lile daraja la juu kwa juu, kwa hiyo shangazi huingia kwetu bila kuukanyaga mchanga wa uchochoro. Wote wawili walikuwa kimya, na hilo peke yake ni ushahidi.

"Nani alitia munyu?" nikauliza.

Mama akaanza kutafuta tasbihi yake iliyokuwa mkononi.

Ikaja kutoka kidogo kidogo. Mimi nilipokwenda kuswali, mama alipanda juu "kuchukua kipepeo cha makaa". Akamuuliza mtoto, "Ina munyu?" Mtoto akasema, "Bado." Mama akaona aibu ya Maalim kuja kula maji ya moto nyumbani mwake. Akatia ukufi. "Ukufi mdogo," akasema. "Wa mkono wa kushoto."

Shangazi akavuta buibui. Yeye alikuwa ameleta ndimu. Akamuuliza mtoto. Mtoto akasema, "Bado." Na shangazi, ambaye kwao wanatumia munyu wa mawe, ule wa chenga kubwa unaoacha nafasi katikati ya mkono, akatia konzi kwa mazoea yake. Lakini munyu wetu ni ule laini, ule unaojaa ngumi sawasawa bila hata tundu. Konzi moja ya laini ina uzito ambao ya mawe haina.

Nikageuka kwa mpwa wangu. Nilishajua kesi yake: mtoto analipwa nyama kila akisema bado, kwa nini aseme tayari? Nikamwambia kwa sauti ya hakimu, "Wewe, umekula vipande vingapi?"

"Vitano," akasema. Machozi yakaanza kumlenga. "Lakini mjomba, mimi siongopi. Ulimi ulikuwa umelala. Nikautoa niuamshe, haukuamka."

Pakawa kimya. Mama akaniuliza, polepole sana, "Karafuu ulitia ngapi?"

Sikujibu. Shangazi akasogeza kidole chake puani mwake, akanusa, akasema kwamba kile kinu changu amekipita pale juu na bado kinanuka kama duka la dawa.

"Na wewe mama," nikasema ili nami nipate pa kusimama, "umekula kiasi gani?"

"Mimi?" akasema, ameudhika kweli. "Mimi nina presha. Siwezi kula munyu kama ule."

Kesho yake sahani zikaanza kurudi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hilo halina mjadala, kwa hiyo kila mtoto aliyegonga mlango alikuwa na kitu. Ya kwanza ilikuja na vipande vya tikiti. Ya pili ikaja imebebwa na mtoto mmoja, na mtoto mwingine nyuma yake ana dafu. Ya tatu tikiti. Ya nne tikiti. Muuza samaki, ambaye hajawahi kuniletea kitu kisichotoka baharini, alileta machungwa. Ya sita tikiti tena, na mama akaanza kuzihesabu mbegu kwa furaha maana daktari alimruhusu matunda.

Ya saba ilikuwa ya shangazi, ikaja kwa wikio, imefunikwa kawa. Nikafunua. Mihogo ya kuchemsha, myeupe, haina tui, haina kitu. Nikammegea mpwa wangu kipande, maana ilikuwa imeshapita adhuhuri, na ulimi wake ulikuwa umepona.

"Haina munyu kabisa," akasema. "Na shangazi amesema utie mwenyewe."