Mjomba Aliuliza Nitaitwa Nani

"Ukimaliza utaitwa nani, mwanangu?" Mjomba aliniuliza hivyo Idi iliyopita, sahani ya pilau mkononi, sebule nzima ikisikiliza. Niko mwaka wa tatu, nasoma saikolojia hapa Dar es Salaam. Nikajibu, "Mwanasaikolojia." Akatikisa kichwa, akaniuliza kwa nini nisingechukua ualimu.

Jibu langu lilikuwa na kasoro ambayo yeye hakuijua. Shahada ya kwanza haikufanyi uketi na mgonjwa na kumtibu. Kwa hilo unahitaji uzamili wa saikolojia tiba, kama ule unaotolewa Muhimbili. Na ukitaka kuandika dawa, hiyo ni njia nyingine kabisa: miaka mitano ya udaktari, mafunzo ya utarajali, kisha ubingwa wa magonjwa ya akili. Nilipokuwa najaza machaguo ya kozi baada ya kidato cha sita, yote hayo nilidhani ni kitu kimoja. Hakuna mwalimu aliyenieleza, na mimi sikuwa na akili ya kuuliza.

Suala la ajira linaniuma, sikatai. Naona waliotutangulia wakiishia ofisi za rasilimali watu au kwenye miradi ya mashirika, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Ila kinachonikosesha usingizi kilianza mwaka wa pili, saa saba za usiku, mlango wa chumba chetu cha hosteli ulipogongwa.

Alikuwa binti wa chumba cha tatu kutoka kwetu, amejitanda khanga, miguu peku. "Dada, si wewe ndiye unayesoma saikolojia?" Nikamkaribisha kitandani, nikamchemshia chai. Hakuinywa, ikapoa ikafanya utando juu. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika vizuri kabisa maneno ya Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, kuhusu kumpokea mtu bila masharti, na mtihani wake nilifaulu. Usiku ule nilichoweza ni kunyamaza na kumshika mkono. Karibu na alfajiri akasema amechoka kuishi. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Nikienda hospitali nikasema hivi, hawataniitia polisi?"

Swali hilo hakulitoa hewani. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinamhesabu anayejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Kusema umechoka si kosa, nikamweleza hivyo, lakini hofu ya kifungu kile ilikuwa imeshamfunga mdomo kwa wiki nyingi. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Natamani na sisi tufike huko, upesi.

Asubuhi nilimpeleka hospitali, tukakaa kwenye benchi mpaka akaitwa. Pale benchini ndipo nilipoanza kujiuliza kama kazi hii naiweza. Nikawauliza wenzangu darasani, wengi wakanijibu, "Usijali, fuata ndoto yako." Naamini jibu hilo linatudhuru. Mtu atakayekabidhiwa siri nzito za watu ana haki ya kusita, tena asite mapema, kabla hajakabidhiwa.

Ndiyo maana naona vyuo vinatuchelewesha. Miaka mitatu ya nadharia na takwimu, halafu mafunzo ya vitendo nikapangiwa kupanga mafaili ofisini kwa wiki nane. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apelekwe akae na mnasihi mzoefu, aone mtu anavyolia na mnasihi anavyovumilia ukimya, aone pia anavyorudi nyumbani jioni akiwa amechoka. Atakayeona haiwezi ahamie kozi nyingine bila aibu. Atakayebaki atajua anabakia nini.

Fomu ya uzamili nimeifungua mara mbili, nikaifunga. Yule binti anaendelea na kliniki, na Alhamisi hii ameniomba nimsindikize. Nitaenda naye, na safari hii nitamwomba mnasihi wake dakika kumi, nimuulize yeye alijuaje kwamba kazi hii anaiweza.