Kompyuta zote zihamie kwenye wingu? Sisi wa Mwanza tusikimbilie

Ukitafuta laptop ya ofisi siku hizi katikati ya jiji la Mwanza, ukaanza kuulizia RAM (kumbukumbu ambayo mashine inaitumia wakati wa kazi) na ukubwa wa diski, kuna wauzaji watakuambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Chukua mashine ndogo ya bei nafuu, programu na mafaili yote sasa yako kwenye wingu. Yaani kazi inafanyika kwenye seva, kompyuta kubwa za kampuni iliyo mbali, mashine yako inabaki dirisha tu. Fundi anayepinga ushauri huo anaonekana mtu wa zamani. Naona mafundi hawa hawasikilizwi inavyostahili.

Wanaolitetea wingu wana hoja nzito. Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi na nguvu za seva zake mwaka 2006, kijana mwenye wazo hakulazimika tena kutafuta mamilioni ya kununulia mitambo. Na hapa kwetu mafaili mengi yanafia mezani: umeme unakatika, ukirudi unaunguza diski, flashi inatoka steshenari na virusi, laptop inaibwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT aliyeweka nakala ya utafiti wake Google Drive, ambako GB 15 ni za bure, akiibiwa anasikitikia mashine peke yake. Hilo halina ubishi.

Lakini kutunza faili ni kitu kimoja na kulifanyia kazi ni kingine, na wauzaji wanavichanganya.

Chukua ofisi ya mnunuzi wa samaki pale Mwaloni, Kirumba. Karani mmoja yuko kwenye mzani anaingiza kilo za sangara. Mwenzake, hatua nne kutoka hapo, anawalipa wavuvi kwa kuangalia jedwali hilohilo. Jedwali likiwa kwenye wingu, kila kilo inayoandikwa inasafiri kwa mkongo wa intaneti hadi pwani, inaingia baharini, inafika kwenye seva. Seva hiyo huenda iko Afrika Kusini, ambako Microsoft ilifungua vituo vyake mwaka 2019 na Amazon mwaka 2020, au huenda iko Ulaya. Kisha kilo hiyo inarudi safari nzima hadi meza ya pili. Mtandao ukiwa mzuri hakuna anayegundua. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba karibu nchi nzima. Sasa ifikirie ofisi ile siku kama hiyo. Umeme upo, kompyuta zote mbili ni nzima, makarani wapo, sangara wamelala kwenye barafu inayoyeyuka, na mvuvi amesimama dirishani anadai pesa yake. Hesabu haifunguki kwa sababu ya waya uliokatika katika bahari iliyo mbali kabisa na ziwa letu. Jedwali hilo lingekuwa ndani ya mojawapo ya kompyuta zile, zimeunganishwa kwa waya wa mita tano, kazi ingeendelea kama kawaida. Wengi wanaihesabu siku ile kama ajali tu iliyopita. Mimi naiona ni gharama ya kudumu: ukishahamisha kazi yako ng'ambo, kuimaliza au kutoimaliza leo hakuko tena mikononi mwako.

Halafu kuna pesa. Programu uliyokuwa unanunua mara moja imegeuka kodi ya kila mwezi, mara nyingi bei yake imepangwa kwa dola, na juu yake unanunua bando la kuifikia. Mwezi ukikwama, unaweza kubaki unayatazama mafaili yako mwenyewe bila ruhusa ya kuyahariri.

Utaniambia hata M-Pesa inaendeshwa hivyohivyo, maana salio haliko kwenye simu, liko kwenye seva, na muuza dagaa anaitumia kutwa. Kweli kabisa. Lakini yeye anabonyeza *150*00#, hahitaji bando wala simu janja. Huduma ile ilijengwa kwa kuangalia mtandao na simu ambazo watu walikuwa nazo. Programu nyingi za wingu zinachukulia kwamba intaneti haikatiki.

Na wingu nalo ni majengo yenye nyaya. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha seva cha OVHcloud, kampuni ya huduma za wingu, huko Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza data zao moja kwa moja kwa kukosa nakala mahali pengine.

Njia ninayoiamini ipo tayari. Mtafiti anayekwenda visiwa vya Ukerewe na KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu, anajaza madodoso kwenye simu bila mtandao wowote. Akifika penye mtandao, fomu zinatumwa. Kazi inafanyika mkononi, wingu linapokea nakala. Hata wakubwa wanarudi huku: laptop za Copilot+ ambazo Microsoft ilizitangaza mwaka 2024 ni lazima ziwe na chipu ya akili bandia ndani yake, ili sehemu ya kazi ifanyike papo hapo. Hakuna anayeongeza nguvu kwenye mashine ambayo kazi yake ni kuwa dirisha.

Kwa hiyo ukienda dukani, endelea kuulizia RAM na diski. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji azime Wi-Fi, kisha fungua programu utakayoitumia ofisini, andika mistari michache na uihifadhi. Ikigoma, mwombe akuonyeshe nyingine.