Notisi Zimehamia Ukutani

Wiki iliyopita sisi wazazi tulialikwa katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Iringa, tujionee somo la Historia likifundishwa kwa teknolojia ya kisasa. Madirisha yalizibwa kwa khanga, projekta ikawashwa, na ukutani zikatokea notisi zilezile za ubaoni, kwa herufi ndogo kuliko za chaki. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliinamisha vichwa, wakanakili. Hongera kwetu, vumbi la chaki limekwisha.

Upinzani wa Wahehe dhidi ya Wajerumani ulipewa mistari minne, na wa mwisho ulisema fuvu la Mkwawa, chifu wao, lililokuwa limepelekwa Ujerumani, lilirudishwa mwaka 1954. Basi. Kijana mmoja alinyoosha mkono kuuliza lilijulikanaje kuwa ni lake, akaambiwa amalize kwanza kunakili.

Swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe! Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 iliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita, lakini halikurudi hadi Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolichagua miongoni mwa mafuvu ya makumbusho ya Bremen, akitegemea vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa, na wapo wanaotilia shaka uchaguzi huo hadi leo. Mkataba huo unasomeka bure mtandaoni, na vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022 vinaweza kuufungua, kupiga picha na kurekodi sauti. Nusu ya darasa ingeichambua ibara hiyo, nusu nyingine ingekwenda makumbusho ya Kalenga, liliko fuvu lenyewe, ikawarekodi wazee wanavyosimulia, kisha pande zote mbili zikabishana kwa ushahidi mkononi.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mwalimu yule ana wanafunzi wengi na mtihani wa taifa unamsubiri, na kwamba ramani aliyoionyesha ilipendeza kuliko ile ya kitambaa iliyochanika. Umeme nao ulikatika mara mbili. Hata hivyo, umeme haukumzuia mtu kujibu swali.

Kipindi kilipokwisha nilimfuata yule kijana, nikamuuliza kama amewahi kufika Kalenga. Akaniambia, "Shikamoo mama, mimi nakaa hukohuko, makumbusho naipita kila asubuhi nikija shule."