Namba 4 Ana Jina

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mama kwenye jubile ya shule aliyosoma, shule ya wasichana hapa hapa Lubumbashi. Siitaji, wenyewe mtajijua. Kitenge alikishonesha wiki tatu kabla na kichwa kikasukwa upya, maana kadi ilisema patazinduliwa "Ukuta wa Heshima wa Wanamichezo na Viongozi". Wanamichezo! Mama alicheza basketi pale miaka minne. Njia nzima ndani ya basi hakunyamaza.

Tukafika. Misa, hotuba, hotuba za kushukuru hotuba. Saa nane pazia likavutwa: picha kumi na nne. Masista waanzilishi, sawa. Waprefe, yaani wakuu wa shule, wote mpaka wa leo, sawa. Mheshimiwa aliyetoa saruji, picha yake kubwa kuliko ya askofu. Na chini kabisa, karibu na swichi ya umeme, picha moja ya wanamichezo: wasichana tisa, watano wamesimama, wanne wamechuchumaa, mpira katikati umeandikwa kwa chaki "1992". Chini yake maneno matatu: "Timu ya basketi". Basi. Mheshimiwa wa saruji alikuwa na mistari minne.

Mama alivaa miwani, akasogea, akaweka kidole kwenye kioo na kuanza kutaja kutoka kushoto. Majina kamili, na majina ya utani ya uwanjani. "Huyu alirusha kwa mkono wa kushoto, hawakumuweza. Huyu alicheza na viatu vya kaka yake, mbele amejaza matambara." Wa katikati ni yeye mwenyewe, namba 4. Zamani zile jezi za basketi zilianzia 4 mpaka 15, na 4 mara nyingi aliivaa kapteni. Hiyo yake nyanya yangu aliikata kwenye shuka jekundu, akaishona kwa mkono, ikainama upande. Hata pichani inaonekana imeinama.

Kwa wa mwisho kulia kidole kilisimama. "Baba yake alikuwa wa migodi ya serikali, Gécamines, kule Likasi. Mwaka ule ule wakapandishwa treni ya Kasai." Watu wa rika lake hapa Katanga treni zile, zilizowabeba watu wa asili ya Kasai waliofukuzwa huku, wanazijua, wala hawapendi kuzisimulia. "Likizo ilipokwisha hakurudi bwenini. Sijui hata kama walifika."

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na mpaka leo naandika haijashuka. Msichana yule, pengine ukuta ule ndio mahali pekee alipobaki katika mji huu. Na pale anaitwa "timu ya basketi". Kesho binti yake akitoka Mbuji-Mayi, kule Kasai, aje kumtafuta mama yake, atasimama mbele ya kioo kile aone wasichana tisa, achague mmoja?

Nikamfuata Mama Prefe, kwa adabu kabisa. Akanishika mkono: "Mwanangu, karatasi zetu zilipotea kwenye uporaji wa 1991." Nikamwonyesha mpira. Tisini na mbili. Waporaji wa nchi hii ni hodari, lakini kubeba karatasi za mwaka ambao haujafika? Alicheka, akaniambia soda ziko upande ule.

Sasa twende kwenye neno "viongozi". Kwa wale waliopanga picha, kiongozi ni mwenye ofisi na muhuri. Lakini mama, akiwa na miaka kumi na saba, alizunguka mitaa ya Kenya na Katuba, hapa hapa mjini, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuwaomba baba za wenzake ruhusa ya wao kucheza. Baba mmoja alisema hataki magoti ya binti yake yaonekane na wanaume. Mama akarudi kesho yake na sketi ndefu iliyoshonewa juu ya kaptula, akaiweka mezani: atavaa hii mpaka kiwanjani, baba. Yule mzee alishindwa kukataa. Mwambieni mheshimiwa wa saruji ajaribu kazi hiyo. Kumshawishi mzee wa Katuba kwa sketi ni kazi kuliko kushinda uchaguzi.

Na msiniambie shule ni ya kusoma. Wote wanane waliobaki walipata diploma ya leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari.

Tatizo si la shule moja, nakubali. Pita mtaa wa Kamalondo, mwulize muuza vocha yeyote kikosi cha 2010 cha Mazembe, klabu yetu ya mpira wa miguu, kile kilichofika fainali ya dunia na Inter Milan. Atakutajia wote, na kipa Kidiaba atakuonyesha alivyorukaruka kwa makalio. Halafu mwulize kuhusu mabinti wa Mazembe waliochukua kombe la Afrika Novemba 2024 kule Morocco, 1-0 mbele ya AS FAR. "Ndiyo, walishinda." Akina nani? Anaanza kutafuta chenji.

Siku hiyo hiyo ya jubile niliwauliza wasichana watatu, bluu na nyeupe zao zimepigwa pasi vizuri, kama wanamjua Mwadi Mabika. Mmoja akauliza kama anaimba kanisani. Mzaliwa wa Kinshasa, Olimpiki ya Atlanta 1996 na timu ya basketi ya Zaire, bingwa wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, na Los Angeles Sparks 2001 na 2002! Sikuwakasirikia. Wangemjulia wapi? Sisi mama zetu hupata majina pale mtoto anapokuwa mkubwa mno kupuuzwa: Biamba Marie ana hospitali Kinshasa kwa sababu alimzaa Mutombo, yule wa basketi ya NBA, mita mbili na kitu. Mimi nina mita moja na sitini.

Haya, nikiri: ukuta ni mzuri, rangi imepakwa vizuri, na bila saruji ya mheshimiwa tusingekuwa na mahali pa kugombania. Lakini wale wanawake wengine wapo. Wanauza Kenya sokoni, wanafundisha, wawili wako Kolwezi na simu zao zinaita. Kuwapigia kunahitaji vocha na daftari, si mfadhili.

Jina la mama sikuliandika hapa kwa sababu amenikataza. "Lianze pale ukutani, ndipo liende kwenye mambo yako ya simu." Jana usiku alinipa karatasi ya daftari ya kupeleka Jumatatu. Majina tisa, namba za jezi pembeni. Kwenye la mwisho ameongeza kwa kalamu nyekundu: Likasi, na jina la kambi walikokaa.